Nani Anamdhamini? Historia Fupi ya Mafunzo ya Kazi kwa Vijana Wasio na Makazi, na Kikundi Chetu Kilivyoingia

Wanachama wenzetu, na ninyi ndugu zetu mliotuunga mkono kwa miaka hii kumi,

Mambo ya hisa, mikopo na gawio mweka hazina ameyaeleza kwa tarakimu katika kurasa zake. Sisi tumepewa kazi ya kueleza jambo moja ambalo wageni wetu hawaachi kuliuliza: ilikuwaje kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa, tena mama lishe, wauza dagaa na mafundi cherehani, kikaingia katika kuwatafutia ufundi vijana wanaolala nje? Wengine wakiuliza hucheka kidogo. Hatuwalaumu. Ila jibu lake haliwezi kuwa la maneno mawili, maana vijana hawa hawakuanza juzi, na waliojaribu kabla yetu ni wengi. Hapana budi turudi nyuma.

Wazee husema zamani hapakuwa na mtoto asiye na kwao. Huenda huko vijijini ilikuwa hivyo. Mijini mambo yalikuwa mengine. Tangu wakati wa Mwingereza, kijana aliyeonekana mjini bila kazi na bila mwenyeji aliitwa mhuni, na dawa ya mhuni ilikuwa kuondolewa. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Neno ndilo hilo, wasiotakiwa. Sheria hiyo ilitumika sana Dar es Salaam. Kijana alikamatwa, akarudishwa kwao, na baada ya muda akaonekana tena palepale alipokamatwa.

Tulipopata Uhuru nia ilibadilika. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na vijana wengi walijifunza humo nidhamu na kazi za mikono. Lakini kwa yule asiye na kazi mjini, njia ya kumwondoa iliendelea. Mwaka 1976 kulikuwa na operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi huko Dar es Salaam, kisha ikaja Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983. Sisi ambao leo tuna miaka hamsini na kitu tulikuwa shule ya msingi wakati ule. Tunakumbuka wakubwa wakitembea na vitambulisho mfukoni hata wakienda dukani kununua chumvi, maana asiyekuwa nacho alihesabiwa mzururaji. Hatusemi viongozi wetu walikuwa na nia mbaya. Walitaka kila mtu ale jasho lake, na sisi hilo tunalikubali mpaka leo. Lakini ukimrudisha kijana kijijini lazima awepo mtu wa kumpokea, na wapo walioondoka huko kwa sababu mtu huyo hakuwepo.

Hapa Mwanza, wengi wetu tulianza kuwaona watoto kwa makundi katika miaka ya mwanzo ya 1990. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa, watu wakaja mjini kutoka kila upande wa Ziwa, na si kila aliyekuja alipata. Ukimwi nao ulikuwa umeingia katika nyumba. Wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu walijulikana Kagera mwaka 1983, na kufikia wakati huo yatima walikuwa wengi kuliko mashangazi wa kuwachukua. Ada za shule zilirudi pia. Jamani, tusisahau kwamba ada ya shule ya msingi ilifutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu. Mtoto aliyefukuzwa shule kwa ada, baba hayupo, mama mgonjwa, alishuka mwaloni kutafuta dagaa wa kudondoka, na siku moja akaona ni rahisi zaidi kulala hukohuko.

Ndipo wakatokea watu waliotazama jambo hili kwa macho mengine. Mwaka 1992 hapahapa Mwanza ilianzishwa Kuleana, ikafungua kituo cha watoto wa mitaani na kutoa vitabu vidogo vya haki za watoto. Mwaka huohuo huko Dar es Salaam Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Kituo cha Dogodogo. Mtoto akapata chakula, mahali pa kulala, dawa na mtu wa kumsikiliza. Ilikuwa kazi kubwa, na wale waliosema kwamba watoto wanadekezwa hawakuwahi kulala juu ya boksi mwezi wa nne mvua inaponyesha.

Lakini mtoto hakai mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na ni sawa kabisa. Sasa yule wa miaka 18 na siku moja? Jana alikuwa mtoto wa kuhurumiwa, leo ni mzururaji mwenye ndevu. Huyo ndiye tunayemzungumzia hapa, yeye pamoja na wale wa 16 na 17 ambao shule wameshaiacha nyuma na hawawezi tena kurudi kukaa dawati moja na watoto wadogo.

Kwa kijana kama huyo dawa ni ufundi, hilo kila mtu analijua. Serikali ilitunga sheria ya VETA mwaka 1994, na vyuo vya ufundi stadi vimetoa mafundi wengi wazuri. Lakini chuo kinataka ada, na kwa zile kozi ndefu kinataka aliyemaliza darasa la saba. Aliyetoka darasa la nne na vyeti vyake vyote vimeloa ziwani ataanzia wapi?

Majirani zetu wa Nairobi walilikuta swali hili mapema kuliko sisi. Mwaka 1973 padri mmoja Mholanzi, Arnold Grol, alianzisha huko Undugu Society kwa ajili ya vijana waliokuwa wakiishi kwa kuwaonyesha wenye magari mahali pa kuegesha. Kilichotuvutia katika habari za Undugu si darasa. Pamoja na kuwafundisha kusoma na hesabu, waliwapeleka vijana kwa mafundi wa jua kali wenyewe, wale wanaogonga mabati na kuchomelea vyuma kando ya barabara, wakajifunze kazi pale inapofanyika. Kijana anaona mteja anaingia, anabisha bei, analipa au anakopa. Anajifunza kwamba chuma kina bei yake. Baadaye Undugu wakawakusanya vijana wa mitaani katika vyama vidogo vyao wenyewe, wenye viongozi na akiba yao, na mfano huo ndio uliofuatwa na Railway Children Africa hapa Mwanza katika miaka ya 2010. Tulipoambiwa mara ya kwanza kwamba vijana wanaolala nje nao wana sanduku na daftari la akiba, baadhi yetu tulidhani ni mzaha.

Basi, tuje kwetu. Kikundi chetu kilianza mwaka 2015. Hatukuwa na mawazo yoyote ya vijana. Tulikuwa na sanduku la kufuli tatu, wenye funguo watatu wasiokaa nyumba moja, katiba ya kurasa nne, na hofu kwamba tutaibiana. Mfuko wa jamii tuliuweka kwa ajili ya misiba na wagonjwa, kama vikundi vyote.

Mwenzetu mmoja ni mama lishe pale mwalo wa Kirumba. Kulikuwa na kijana aliyemwoshea masufuria kila jioni kwa malipo ya ukoko na mchuzi, na usiku alilala chini ya maturubai ya dagaa. Miaka mitatu hivyo. Kijana huyo hakuwahi kumwibia hata kijiko. Siku moja akamwambia, mama, nataka kujifunza kuchomelea. Mwenzetu akaenda mwenyewe kwa fundi mmoja mwenye karakana ya mageti, akidhani tatizo litakuwa pesa. Fundi hakutaja pesa kwanza. Aliuliza: huyu nani anamdhamini? Ndani nina grenda, nina mashine, nina nyaya za shaba. Akiondoka navyo usiku nitakwenda kugonga mlango gani?

Swali lile mwenzetu alilileta kwenye kikao cha Jumamosi, na ndilo lililotuingiza katika kazi hii. Maana sisi swali hilo tunalijua. Ndilo tunaloulizana kila mkopo unapoombwa. Hakuna hata mmoja kati yetu mwenye hati ya nyumba, na benki hazituhitaji, lakini ndani ya kikundi tunakopeshana kwa sababu kila mkopaji ana wenzake wanaosema, huyu tunamjua, akishindwa tutabeba. Yule kijana kichwa alikuwa nacho, na mikono na nidhamu pia. Watu wa kusema maneno hayo ndio hakuwa nao.

Tukaanza kufuatilia, tukaona kila mlango una ulizo hilohilo. Ukitaka kitambulisho cha taifa unaanza na barua ya serikali ya mtaa. Ukitaka kazi ya ulinzi, barua ya mtaa na wadhamini. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, ambayo sheria iliiweka wazi mwaka 2018 kwamba asilimia nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, ikasimamishwa mwaka 2023 na baadaye ikaanza tena, nayo inataka kikundi kinachotambulika mahali kilipo. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kuandika barua kwa mtu asiyelala katika mtaa wake, na hatumlaumu, sheria ndiyo inavyosema. Kwa hiyo kijana anayelala mwaloni hana mtaa, na asiye na mtaa hana barua, na asiye na barua anabaki mwaloni.

Kikao kile kilikuwa kirefu. Mweka hazina wa wakati ule alipinga kwa nguvu, na alikuwa na haki. Alisema fedha ya sandukuni si sadaka, ni ya ada za watoto wetu na mtaji wa samaki. Tulikubaliana mwishowe kwamba hisa hazitaguswa kabisa. Wanachama wawili watasimama kuwa wadhamini wa kijana kwa hiari yao, na mmoja wao atakuwa mama mlezi. Kutoka mfuko wa jamii tutalipa vitu vitatu: kodi ya chumba kwa miezi mitatu ya kwanza, sabuni na chakula cha mchana, na ada ya fundi kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza fundi anapewa kijana anapoingia, la pili katikati, la tatu siku kijana atakapofanya kazi nzima peke yake mbele yetu. Fungu la tatu lilikuwa wazo la mweka hazina yuleyule aliyepinga. Alisema fundi akilipwa yote mwanzoni, kijana atafagia karakana mwaka mzima.

Chumba kiliwashangaza wengi. Kwa nini ulipe kodi badala ya kununua vifaa? Lakini jaribu kulala pale mwaloni, ambapo wenye nguvu wanakunyang'anya viatu na mgambo anakuamsha saa tisa usiku, halafu saa moja asubuhi ushike moto wa kuchomelea bila kuunguza macho yako. Na katika chumba ndipo kijana alipopata mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti akapata mtu wa kumwandikia barua. Kodi ya miezi mitatu ilikuwa ndogo kuliko bei ya grenda, na ikafungua milango ambayo grenda isingeifungua.

Kazi ya mama mlezi hatukuiandika katika katiba, ilijitengeneza yenyewe. Kila Jumapili kijana anakula kwake. Anaulizwa amelala wapi, amegombana na nani, fundi amemfundisha nini wiki hii. Kijana aliyekaa mtaani miaka mingi hajazoea kuulizwa. Mwanzoni hudhani unampeleleza. Wengine walikuja kula wakaondoka bila neno kwa wiki sita. Ila siku fundi anapomtukana, na mafundi hutukana, kijana asiye na mlezi hutupa koleo chini na kurudi mwaloni. Mwenye mlezi hungoja Jumapili. Sisi tunaona hapo ndipo mafunzo mengi ya watu wengine yalipovunjika. Ufundi wenyewe kijana anaujua kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu. Kinachomshinda ni siku ile moja mbaya.

Wasichana ni habari nyingine. Barabarani utahesabu wavulana kumi umwone binti mmoja, ukadhani mabinti hawapo. Wapo. Binti hawezi kulala chini ya turubai, atachukuliwa usiku uleule. Analala kwenye baa anakouza, au kwa mwanamume ambaye kesho atamfukuza. Wengi tuliowapata walikuja mjini kufanya kazi za ndani, wakafukuzwa, baadhi wakiwa na mimba ya humohumo ndani. Huyo hata ukimpa cherehani ya bure hawezi kujifunza, maana mgongoni ana mtoto. Wenzetu wawili waliokuwa na mabanda ya nguo walijitolea kuwafundisha wenyewe, na mwanachama wetu mzee kuliko wote, ambaye magoti hayamruhusu tena kwenda sokoni, akakaa na watoto. Mpaka leo anaitwa bibi na watoto ambao hatuwezi kuwahesabu. Binti mmoja aliyetoka mikononi mwake sasa hushona sare za shule msimu wa Januari, na ameajiri mwingine.

Yule kijana wa kwanza ana karakana yake ndogo, si kubwa, chini ya mwembe. Alipita katika utaratibu wa VETA wa urasimishaji ujuzi, ambao humpima fundi aliyejifunza kazini na kumpa cheti. Sanduku letu jipya amelichomelea yeye. Tulimlipa kama fundi mwingine yeyote, tukabishana naye bei vilevile.

Sasa tueleze na lililotuuma. Mwaka 2019 kijana mmoja, mwenye akili kuliko wote tuliowahi kuwapeleka, aliondoka usiku na grenda na nyaya za fundi wake. Alikuwa amebakiza miezi miwili amalize. Asubuhi fundi hakwenda polisi, alikuja kwa wadhamini, kama tulivyokubaliana. Wadhamini wale wawili walilipa. Kilikatwa katika gawio lao tulipovunja mzunguko Desemba, na mmoja wao alikuwa amelipangia gawio hilo ada ya mwanawe wa kidato cha tano. Mtoto alichelewa shule. Tulichanga, lakini mchango haukutosha. Mwenzetu yule hakusema neno baya kikaoni, ila hakudhamini tena mtu, na hakuna anayemlaumu. Kijana tulisikia yuko Geita kwenye machimbo.

Baada ya hapo tulibadilisha kanuni. Wadhamini wakawa watano badala ya wawili, mzigo ukagawanyika. Na kijana mwenyewe sasa anaweka akiba kila wiki tangu siku ya kwanza, hata kama ni shilingi mia tano, katika daftari lake, na akiba hiyo ndiyo ya kwanza kuguswa kikiharibika kitu. Hili tulilichukua kwa wale vijana wenye vyama vyao.

Wapo wenzetu ambao mpaka leo wanaona mfuko wa vijana ufungwe tunapoingia miaka kumi ya pili. Wanasema kikundi kimekua, mikopo imekuwa mikubwa, halmashauri inatutazama, na udhamini mmoja mbaya unaweza kutuharibia jina. Wanasema pia kwamba mzigo huu ni wa serikali na mashirika. Hoja zao zina uzito, na tumeona zichapishwe humu ili msomaji asidhani sote tuko upande mmoja. Wenye mawazo mengine husema shirika hufunga mradi likaondoka, na serikali haiwezi kujua kijana fulani amelala wapi jana. Jambo hili litapigiwa kura katika mkutano mkuu, na kura itakuwa ya siri.

Wakati tukisubiri kura hiyo, vijana watatu wako katikati ya mafunzo na watayamaliza, kwa kuwa wadhamini wao wameshaweka sahihi. Wawili wako kwa mafundi, mmoja gereji na mmoja useremala. Wa tatu ni binti anayejifunza saluni. Kodi yake ya miezi mitatu inaisha mwisho wa mwezi huu na mwenye nyumba anataka chumba chake. Kati ya ninyi mliotuunga mkono, aliye na chumba, hata cha uani, karibu na barabara ya daladala, amwone katibu Jumamosi yoyote saa kumi jioni. Tunalipa mwezi kwa mwezi, na wadhamini watano watakuja pamoja naye.